Usiguse skrubu ya nyuma ya pampu kwa ajili ya friji

Weka hiyo bisibisi chini kwanza. Umesema lori lako ni la zamani, lina pampu ya VE (aina ya pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye injekta), friji la sanduku linaendeshwa na mkanda wa injini, na kila ukiegesha kwenye soko la nyama la Burma, Nairobi, kusubiri zamu ya kushusha nyama, baridi inapungua na betri inalala. Unataka mzunguko wa injini upande lori likiwa limesimama. Haja yako ni ya kweli, sina neno nayo. Kilichonifanya niandike ni yule aliyekujibu mtandaoni hapa kwamba uzungushe "ile skrubu ya nyuma, robo tu, utaiona inapanda", nawe ukamwambia fundi wako anakuja kesho asubuhi. Mpigie fundi usiku huu, mwambie asije.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na fundi ambaye uwanja mzima ulimsifia. Lori langu lilikuwa likibeba samaki kutoka Kisumu hadi soko la Gikomba, Nairobi, na tatizo lilikuwa lile lile lako: likisimama, friji linazembea. Jamaa alifungua kifuniko cha injini, akachukua koleo, akaminya ile pete ya chuma iliyobana skrubu ya nyuma mpaka ikakatika, akaitupa mchangani. Akazungusha. Injini ikapanda hadi kama mizunguko 1,000 kwa dakika, ikatulia hapo, friji likaanza kupiga baridi ya maana. Alipokanyaga akselereta moshi mweusi ukatoka. Dereva wangu akauliza moshi huo ni wa nini. Akajibiwa, "Ni masizi ya zamani yanatoka, bosi, injini inajisafisha." Akalipwa, akaenda zake.

Injini haijisafishi hivyo. Hebu fahamu kilichofanyika, maana hapa ndipo watu wanapochezewa.

Pampu ya VE ina skrubu tatu unazoziona kwa nje. Mbili ziko kwenye mkono unaovutwa na waya wa akselereta. Moja inazuia mkono usirudi nyuma kupita kiasi, na hiyo ndiyo ya mzunguko wa chini, yaani injini inaponguruma bila kukanyagwa. Ya pili inazuia mkono usiende mbele kupita kiasi, ndiyo mwisho wa mbio za injini, na kwa kawaida imefungwa waya wenye lakiri ya risasi. Ya tatu iko peke yake, imelala kuelekea nyuma, ina nati ya kuikaza na ile pete niliyoisema. Hiyo ya tatu haihusiki na lori kuegeshwa. Ni kipimo cha dizeli injini inapovuta mzigo. Ukiiingiza ndani, inasukuma wenzo wa gavana iliyo ndani ya pampu, yaani kidhibiti cha dizeli (si ile gavana ya spidi 80 ya serikali, hii ni nyingine kabisa), na dizeli inaongezeka kila mahali: chini, katikati na juu. Ndiyo sababu mzunguko wa chini nao unapanda. Unapanda kweli, na ndiyo maana uongo huu hauishi mjini. Anayeizungusha anaona matokeo papo hapo, anaamini amegusa mahali penyewe, na anaondoka kabla lori halijabeba mzigo.

Sasa ongeza Nairobi juu yake. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na msongo wa hewa hapa umepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo (kile kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada) inavuta hewa iliyopo, haiwezi kujiongezea. Dizeli ambayo ingeungua vizuri kule Changamwe hapa tayari inakaribia kuzidi. Ukitoka Naivasha na mzigo, ukakamata ule mlima wa Kinungi kuelekea pale panapoitwa Flyover, unapita mita 2,400. Mguu uko chini kabisa, gia ni ya tatu au ya pili, hewa ni nyepesi, na pampu inamimina dizeli ambayo mtu aliiongeza ili friji lipoe. Dizeli hiyo inaendelea kuungua kwa kuchelewa, pistoni ikiwa inashuka na vali ya kutolea moshi ikifunguka. Joto la moshi linapanda kuliko aluminiamu ya pistoni inavyoweza kustahimili.

Na geji ya maji haikuambii. Hili lingeandikwa kwenye kila dashibodi. Geji inapima maji, na maji yanachelewa kupata habari. Dereva wangu, injini ilipomfia kwenye mlima huo, aliapa kwamba sindano ilikuwa katikati, nami namwamini, maana ilianza kupanda baada ya injini kupoteza nguvu, si kabla. Alichoona ni moshi mweusi kwenye kioo cha pembeni, kisha mweupe, kisha mlio wa kugonga. Alisimama pale pale ukingoni mwa barabara. Tulipofungua hedi, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka ukingo kama mshumaa, ringi zimeganda kwenye mifereji yake, na hedi ina ufa mwembamba kati ya vali mbili, ule usiouona mpaka uufute kwa petroli na kuuangalia unavyokauka. Hesabu mwenyewe: pistoni, ringi, hedi, gasketi, injekta, kuvutwa hadi mjini, siku za lori kulala gereji, na samaki waliouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu friji linaloendeshwa na injini iliyokufa ni sanduku tu. Pesa hizo zingeninunulia betri na oltaneta mpya, chenji ikabaki.

Yule fundi nilimrudia. Aliniambia mlima ndio ulioua injini. Mlima ule lori lile lilikuwa limeupanda miaka yote na mzigo ule ule! Mtu anayevunja pete iliyowekwa kiwandani ili skrubu isiguswe, halafu akasema tatizo ni mlima, hafai kushika spana kwenye gari la mtu. Na anayewaandikia watu mtandaoni "robo tu" bila kuuliza lori linabeba nini na linapita wapi, naye nina shaka kama amewahi kulipia injini.

Kwa lori kama lako, njia ya kupandisha mzunguko ninayoiamini ni ya mkono. Angalia kwenye dashibodi, karibu na usukani. Malori mengi ya Kijapani ya zamani yana kitufe cha kuvuta au kuzungusha ambacho waya wake unakwenda hadi kwenye mkono wa akselereta. Kwenye mengi ya hapa waya huo umekatika au umeshika kutu na hakuna anayejua kazi yake. Nunua waya mpya, uupake grisi, uufunge vizuri. Ukiwa umeegesha, vuta mpaka mizunguko 900 au 1,000, friji litapiga na oltaneta itachaji. Kabla ya kuingiza gia, dereva anarudisha kitufe, injini inashuka, ndipo anaondoka. Hiyo ndiyo sheria yangu na siibadilishi: chochote kinachopandisha mzunguko lazima dereva aweze kukishusha mwenyewe akiwa kitini, kabla hajagusa klachi. Kama hakiwezi kushushwa kutoka kitini, kisiwekwe.

Kwa hiyo hata ile skrubu ya kweli ya mzunguko wa chini, usiitumie kwa kazi hii. Ipo kwa ajili ya kurekebisha injini inayotetemeka au kuzima, irudi kwenye kipimo chake. Ukiiacha imepandishwa hadi 1,000 siku nzima, gia zitasaga kila ukiingiza ya kwanza, na kwenye foleni ya Jogoo Road lori litakuwa linasukuma mbele huku wewe unabonyeza breki na klachi bila kupumzika. Klachi hailipwi na friji.

Kuna aliyeshauri jiwe juu ya akselereta, au kijiti kati ya kiti na pedali. Tanboi, yaani msaidizi wa dereva, akipanda kutafuta simu yake akagusa hicho kijiti, injini inaruka hadi mwisho wa mbio zake na hakuna mtu kitini. Hapana. Na wakati wowote mzunguko ukiwa juu, gia iwe huru, handibreki juu, mawe mawili nyuma ya tairi na mawili mbele, na pawe na mtu anayeweza kufikia funguo. Soko la Burma lina watu wanaopita kati ya malori wamebeba nusu ng'ombe migongoni.

Wenye injini mpya za kompyuta nao wasikilize, maana huko kuna balaa lake. Kule hakuna skrubu. Mzunguko unapandishwa kwa swichi yake, au kwa vitufe vya PTO (mfumo wa kuendesha mitambo mingine kwa nguvu ya injini), handibreki ikiwa juu, na kiwango kinawekwa kwa mashine ya kusomea kompyuta. Kuna mafundi wanaochomeka rezista, kile kipande kinachopunguza umeme, kwenye kihisi cha joto la maji ili kompyuta idhani injini ni baridi na ipandishe mzunguko. Injini ikichemka kweli, kompyuta haijui. Ni ujinga ule ule umevaa suti.

Kabla ya yote hayo, kagua vitu viwili vya bei rahisi. Mkanda wa oltaneta ukilegea, hakuna mzunguko utakaochaji betri. Na kama kuna mtu amechota volti 12 za redio au taa kwenye betri moja kati ya zile mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, betri hiyo itakufa mapema kuliko mwenzake hata ukipandisha mzunguko hadi mbinguni. Pia angalia kama friji lako lina plagi ya stima pembeni. Baadhi yanayo, na ukipata soketi pale unaposubiri, injini inazimwa kabisa.

Ikiwa fundi amekwisha kuigusa ile skrubu ya nyuma, usibebe mzigo. Kurudisha "robo" kwa macho hakurudishi kipimo. Ng'oa pampu uipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kuzungushia na vile vichupa vya kioo vya kupimia dizeli kwa kila silinda, akupimie mbele yako na aifunge lakiri upya. Kesho kukipambazuka funua kifuniko, usiguse kitu, piga picha ya upande wa nyuma wa pampu uiweke hapa. Nataka kuona kama ile pete bado iko mahali pake.