Usiijaze solo hiyo ya gitaa kavu

Usiijaze! Umeuliza nyuzi za kununua, mahali pa kuweka kipaza sauti na skeli (ngazi za noti) za kukariri ili solo yako ya gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, katika wimbo wa kienyeji wenye kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za jazi "isiwe na nafasi tupu hata moja". Maneno hayo ya mwisho niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, mbele ya mwimbaji, ndani ya studio moja ya London niliyoilipia pauni 180 kutoka mfukoni mwangu.

Mwalimu mmoja wa mtandaoni, ambaye naye nilimlipa, alikuwa amenifundisha kwamba gitaa kavu halishikilii sauti, kwa hiyo kila noti inapofifia lazima nyingine iwe imekwisha kufika. Nusu ya kwanza ni kweli, nusu ya pili ni balaa. Nilimwaga noti kana kwamba nawamwagia kuku mchele, nikaanza juu ya neno la mwisho la ubeti, nikamaliza nikiwa nimechelewa, na mwimbaji akakosa mahali pa kuvuta pumzi. Tulirudia mara 11, na mara zote hizo, kwa masikio yangu, nilikuwa hodari kupindukia. Wimbo ulipotoka, solo yangu ilikuwa imekatwa na nafasi yake kupewa mpiga besi, aliyepiga noti chache tu, wala hakuna msikilizaji aliyeuliza niko wapi. Fedha za yule mwalimu nazo hazijarudi.

Kanuni ni hii: usipige kipande usichoweza kukiimba kwa pumzi moja, na pumzi ikiisha, nyamaza. Kodi za jazi zina rangi tayari. Chukua kodi tatu zinazofuatana: kutoka Dm7 kwenda G7 hadi Cmaj7, noti ya C ikishuka nusu toni ikawa B, kisha B hiyo ikaachwa ilie, mabadiliko yote yamesikika kwa noti mbili. Msikilize mpiga gitaa Jay Berliner katika Astral Weeks, albamu ya mwimbaji Van Morrison ya mwaka 1968. Mtu aliyerekodi na Charles Mingus, mpiga besi na mtunzi wa jazi, mwaka 1963 hakupungukiwa na skeli, lakini gitaa lake la nyuzi za nailoni humjibu mwimbaji bila kugombea naye nafasi.

Nyuzi nunua zozote. Kabla ya kulipia studio, jirekodi kwa simu ukiiimba solo hiyo bila gitaa, na kila unapovuta pumzi, hapo gitaa nalo linyamaze.