Wosia upo, ofa inasoma jina la mtu mwingine

Mmeuliza wiki hii ni kosa gani watu wanafanya wakipanga mirathi yao. Najua wengi watajibu kutoandika wosia, sawa, ila baba yangu aliandika na bado tulihangaika miaka miwili.

Mzee alifariki 2019, akaacha nyumba Nkuhungu, Dodoma, na ekari mbili za zabibu Hombolo. Wosia tuliukuta kwenye sanduku, karatasi ya kaunta buku, mwandiko ule ule wa ualimu wake, nyumba ya mama, zabibu za watoto wote sawa hadi sisi wa kike (na kwa Mgogo wa umri wake hilo sio dogo jamani). Tukajua yameisha. Kumbe kile kiwanja cha nyumba alinunua kwa mtu zamani, wakaandikishana mbele ya mjumbe, wakanywa soda, basi, hakuhamisha jina. Ofa, ile barua ya kumilikishwa kiwanja, ya CDA (mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja Dodoma) inasoma jina la muuzaji, CDA yenyewe ilivunjwa 2017 mambo ya ardhi yakaenda manispaa ambayo sasa ndo jiji, na muuzaji naye ni marehemu. Yaani mama karithishwa nyumba ambayo kwenye makaratasi si ya mumewe!

Ikabidi watoto wa muuzaji wafungue kwanza mirathi ya baba yao, wakae kikao cha ukoo, msimamizi ateuliwe na mahakama ya mwanzo, ndo yeye atusainie sisi. Sasa wao wana haraka gani? Kila tukiwafuata tuwape nauli, mara mmoja anasema mzee wao hakumaliziwa hela yake. Kilichotuokoa ni lile karatasi la mjumbe, panya walishakula kona moja lakini saini zilibaki.

Halafu mashahidi. Mzee aliita rafiki yake wa kanisani na kaka yetu mkubwa, na kaka ni mrithi. Kwa wosia wa kimila anayejua kusoma na kuandika anatakiwa mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na anayerithi asijishuhudie. Hakuna aliyepinga, angetokea mkorofi mmoja tu tungekuwa mahakamani mpaka leo.

Mimi nauza mafuta ya alizeti Majengo, sina mali ya kutisha, ila kiwanja changu Nzuguni nilihamisha jina kabla hata ya kumwaga mchanga, ndo nikaandika wosia, nikaupeleka RITA, wakala wa serikali wanakotunza wosia, dada yangu anajua uko huko. Mume wangu akasema naleta uchuro ndani ya nyumba. Sawa baba, pikipiki yake anayoipenda kuliko chakula, mwaka wa tatu huu, kadi bado inasoma jina la mtu wa Kondoa.