Shangazi, nitalala kweli na watoto kumi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22 na namaliza chuo. Nimepata nafasi ya kuwa mlezi kwenye kambi ya watoto ya kiangazi huko Marekani, wiki 9, kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana. Nitalala kibanda kimoja na watoto 10 wa miaka minane na tisa. Michezo naiweza, kuogelea ndiyo usiseme. Ila malipo ni ya mkupuo, na sijui niulize nini kabla ya kusaini. Na usingizi nitaupata kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usingizi utaupata, ila wa kukatikakatika. Nilifanya kazi hiyo misimu mitatu, na ninachokumbuka si mitumbwi wala moto wa jioni. Nakumbuka saa nane za usiku, tochi mdomoni, nabadilisha shuka la mtoto aliyekojoa. Msimu wa kwanza niliwasha taa. Kibanda kizima kikaamka, na yule mtoto hakunisemesha siku mbili. Weka shuka la akiba tangu siku ya kwanza, lililolowa litoke kabla wenzake hawajaamka, na asubuhi usimtazame kwa jicho la huruma.

Kukumbuka nyumbani nako huja usiku. Mchana mtoto ana shughuli zake. Usimwambie, "Ukishindwa, mama atakuja kukuchukua." Ataanza kuhesabu siku za kushindwa. Mimi mmoja nilimpa kazi ya kufunga mlango kila usiku na kuniripotia. Alilia siku tatu, huku akiripoti vizuri kabisa.

Kwa kuwa unaogelea, utapangwa ziwani. Watoto huingia majini wawiliwawili. Filimbi ikilia, kila jozi hushikana mikono na kuiinua juu, nanyi mnahesabu. Akipungua mmoja usijipe moyo kwamba huenda yuko chooni. Toa wote majini, mtafuteni. Dawa zote ni za muuguzi. Na usijifungie na mtoto mmoja mahali msipoonekana, hata kama analia na unataka tu kumbembeleza, kaeni barazani.

Haya, pesa. Ukiugawa huo mkupuo kwa saa utakazokuwa macho, utacheka kwa uchungu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaziruhusu kambi zinazofunguliwa si zaidi ya miezi 7 kwa mwaka zisilipe kima cha chini cha mshahara, ingawa jimbo linaweza kuwa na sheria yake. Lakini kanuni za J-1 ya walezi wa kambi zinataka ulipwe sawa na Wamarekani mnaofanya nao kazi hiyo hiyo, na muda wako hauzidi miezi 4. Tena haziruhusu uletwe kwa ajili ya kupika, kuosha vyombo au kufagia. Mkataba ukitaja jikoni, uliza kwa maandishi shirika linalokudhamini.

Kabla ya kusaini uliza mko walezi wangapi kibandani, na usiku wako wa mapumziko nani analala na watoto. Siku ya mapumziko nayo, inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi? Mimi niliambiwa "siku moja kwa wiki", kumbe ilianza baada ya chakula cha mchana.

Na nunua tochi ya kuvaa kichwani. Ile ya mdomoni iliniuma meno msimu mzima.