Nesi kamuuliza mama amekula nini: huo si udaku?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yangu ana miaka 66, anaishi peke yake kijijini huko Newala na anahudhuria kliniki ya kisukari. Mwezi wa pili nilimsindikiza. Nesi akamhoji mbele ya foleni nzima: jana usiku ulikula nini, maji unachota wapi, nani analala na wewe, nauli umeipata wapi. Mama akajibu, "Tunakula vizuri tu," wakati tangu pesa ya korosho ilipokwisha anashindia uji wa muhogo. Nilikasirika sana. Tulikwenda kupima sukari au kuanikwa shida zetu?
Kijana wa Mtwara Mjini

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa kuhojiwa mbele ya watu, una haki ya kukasirika. Maswali kama yale huulizwa pembeni, mlango umefungwa. Lakini maswali yenyewe, hapana, usiyaguse.

Mtazame mama yako. Kuna vidonge vya kisukari, glibenclamide mojawapo, ambavyo huusukuma mwili kutoa insulini, kichocheo kinachoshusha sukari, hata kama tumbo ni tupu. Mtu akimeza asile, sukari inashuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, mwisho anazimia. Sasa ikitokea usiku na yuko peke yake, nani atamkorogea maji ya sukari? Ndiyo maana akaulizwa nani analala naye. Nauli nayo: asiyekuwa nayo hukosa tarehe ya kliniki, dawa zikaisha. Na maji, wewe mtu wa Newala nikueleze nini? Mama wa miaka 66 akipandisha ndoo bondeni hana kitu tumboni, sukari inashuka upesi zaidi.

Kwa hiyo lile jibu la "tunakula vizuri" lilimnyima daktari habari ambayo huenda ingembadilishia dawa. Mama zetu wa Kusini! Atakufa na heshima yake kuliko kusema sufuria halijainjikwa. Mwambie wewe, kwa upole, aseme kweli. Na dawa asiziache kwa uamuzi wake.

Ila nami nina langu na hao wauliza maswali. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, na nimeona majibu yakiandikwa vizuri, faili likafungwa, mgonjwa akarudi na njaa yake ileile. Hapo kweli unakuwa udaku, tena wenye mhuri.

Kwa hiyo kliniki ijayo ukiona wanaandika, uliza: "Hii inakwenda kwa nani?" Omba mpelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mama amevuka miaka 60, na kwa Sera ya Afya ya 2007 mzee asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama za matibabu. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji, itakuokolea kuzungushwa. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ni njia nyingine, na hospitali haiandikishi mtu huko; kaya hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji, basi ukisikia baragumu la mkutano mama awepo, au uende wewe. Muulizie pia mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, apite nyumbani kumwangalia.

Usiku atafutiwe mjukuu wa kulala naye. Hilo halihitaji barua ya mtu.