Anko Anajibu: Nikisema na mtu aumie, nani ana makosa?

Wiki hii maswali yamekuja ya aina moja, sijui ni siasa imepasha watu moto ama ni kuchoka tu kunyamaza. Nimechagua matano. Kama lako haliko usikasirike, ama kasirika tu, ndo mada ya leo.

Anko, nilituma katuni ya mheshimiwa fulani kwa grupu ya familia. Baba mdogo, ambaye ni chifu, anasema nimetukana serikali na nitashikwa. Ni kweli? – Kijana, Kayole

Kwa karatasi, hapana. Kile kifungu cha 132 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, cha kushtaki mtu eti amedharau ofisa wa umma, Mahakama Kuu ilikitupa 2017, na mwaka huo huo ikatupa kile cha kufunga mtu jela juu ya kuharibia mwingine jina, siku hizi mwenye jina akiumia anakudai fidia mnamalizana hapo. Lakini karatasi na barabara ni vitu viwili bana. Desemba 2024 kuna vijana walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, baada ya kuposti picha za kumkejeli rais, wengine wakaonekana tena Januari 2025, so baba mdogo haogopi bure. Mimi msimamo wangu ni kwamba mtu akiomba kura ameomba na katuni. Lakini niambie ukweli, ulikuwa unataka acheke ama ulikuwa unamchokoza mbele ya shosho na watoto? Hiyo sasa haiendi korti, mpigie simu muongee kama watu wa nyumba moja. Katuni usifute.

Anko, mimi nafanya komedi na mzaha wangu mwingi ni wa makabila, venye watu wanashrabu, yaani wanachanganya L na R, venye hawa wanapenda pesa na hawa ni wezi. Juzi dada mmoja alitoka katikati ya shoo amekasirika. Nimekosea? – Mchekeshaji, Umoja

Hapa wacha nikae kidogo. Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kusema, halafu hapo hapo kinataja vitu ambavyo huo uhuru haufiki: propaganda ya vita, kuchochea fujo, matamshi ya chuki, kueneza uhasama wa kikabila na mambo kama hayo. Tafuta mahali pameandikwa "maneno ya kuudhi", hutapata. Kuudhika kumeachiwa mimi na wewe.

Lakini sisi hatuko Uswisi. Fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 ilitoka hapo, matamshi ya chuki ni faini mpaka milioni moja ama jela mpaka miaka 3 ama zote mbili. Na chuki haiji ikiwa imevaa sare. Chukua "madoadoa", ni madoa tu, ya ng'ombe, ya shati, lakini lisemwe Bonde la Ufa wakati wa kura na kila mtu anajua ni nani anaambiwa ahame, ndo maana Aprili 2022 NCIC, ile tume ya uwiano na utangamano, ililiweka kwa orodha ya maneno zaidi ya 20 ya kuangaliwa. Neno ni lile lile, kinachobadilika ni mahali, na mwezi, na nani ameshika maiki.

Sasa rudi kwa mzaha wako. Ule wa kushrabu mimi nacheka mpaka machozi, na mimi mwenyewe L na R zimenishinda tangu nasari, huo unaishia pale ukumbini. Ule wa "hawa ni wezi" watu wanatoka nao, wanakaa nao, mpaka siku mtu anatafuta keja na landilodi anauliza, na jina lako la pili ni nani? Nadhani yule dada ashawahi kuulizwa. Mtafute. Sio lazima uombe msamaha, muulize tu ni gani ilimtoa kwa kiti.

Mimi sina dini, mwenzangu kazini ni Mwislamu. Tulibishana juu ya zile katuni za Mtume Muhammad, za Denmark na za Charlie Hebdo, gazeti la Ufaransa, sasa hatusalimiani. Nani alikuwa sawa? – Dada, South B

Watu 12 waliuawa Paris Januari 2015 kwa shambulio la lile gazeti, na hapo sina "lakini" yoyote, mchoro haulipwi na damu. Ila usifikiri hao wazungu washamaliza hii hesabu. Denmark yenyewe ilifuta sheria ya kukufuru 2017, ikarudi Desemba 2023 ikapiga marufuku kudhalilisha vitabu vitakatifu hadharani. Hapa kwetu kifungu cha 138 bado kiko, mwaka mmoja jela kwa kuumiza makusudi hisia za dini za mtu, na mimi sikipendi, hisia haina mita kama stima. Lakini mwenzako hakuua mtu, wewe ulibishana na yeye kama ndiye alishika bunduki. Nendeni siku moja bustani ya Jeevanjee hapo tao mskize wale wazee wa bunge la mwananchi, wale wa kubishana siasa hadharani, wanararuana mchana kutwa, jioni utawapata wamekaa benchi moja.

Kanisa la ploti jirani linahubiri na spika saa kumi usiku. Nikilalamika naambiwa ni uhuru wa kuabudu. – Mama Twins, Pipeline

Uhuru wao, masikio yako. Kanuni za kelele za 2009 ziko, ripoti kwa NEMA, wale wa mazingira, ama kaunti. Maneno wasipunguze, wapunguze sauti.

Anko, wewe ushawahi juta kitu uliandika? – Msomaji tu

Eh. Niliandika mzaha kuhusu masoja wa geti, venye wanalala kuliko wenye nyumba. Watu walicheka sana. Kesho yake soja wetu akanifungulia geti, akasema, "Nimesoma, Anko," na akarudi kwa kibanda. Hakukasirika, ama kama alikasirika sikuona. Sikuifuta, bado naona ilikuwa inachekesha, lakini siku hizi nikirudi usiku sipigi honi, nashuka nafungua mwenyewe.