Mke wa Diwani Akisimama Kuuliza

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mume wangu ni diwani hapa Ujiji, nami nauza dagaa sokoni. Katika mkutano wa hadhara nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini choo cha soko kimepigwa kufuli ilhali tunalipa ushuru kila siku. Kabla sijaketi, mzee mmoja akauliza kwa sauti diwani ni nani kati yetu wawili, na jioni nikasikia kwamba nimemlisha mume wangu limbwata. Kata ya jirani diwani ni mwanamke. Mumewe huzungumza kila mkutano, naye husifiwa kwamba anamsaidia mkewe. Je, ninyamaze mpaka uchaguzi wa 2030?
Muuza Dagaa, Ujiji

JIBU: Marahaba, mama. Usinyamaze. Uliuliza ukiwa mlipa ushuru anayehitaji choo, na Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, awe ameolewa na diwani au na mvuvi. Waliokusema hawakudai kwamba choo kiko wazi; waliyatoa mazungumzo kwenye kufuli wakayapeleka chumbani kwako, na huo ndio uonevu unaoniuma. Neno limbwata ni zito, kwa kuwa linamnyang'anya mume akili zake na mke haki yake kwa pamoja, nami sijapata kusikia mume wa kiongozi akisingiziwa hivyo.

Hata Marekani, mwaka 1993, Rais Bill Clinton alipomkabidhi mkewe Hillary, mwanasheria, kazi ya kuongoza mpango wa kurekebisha huduma za afya, wengi walihoji ni nani aliyempigia kura. Swali hilo silipuuzi hata kidogo, kwani mwenzi wa kiongozi hakuchaguliwa na mtu. Kwa hiyo usitoe ahadi kwa niaba ya diwani, wala usiketi katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake, ikiwa wewe si mjumbe. Lakini mpaka huo ni wa mume pia: yule bwana wa kata ya jirani, ikiwa huyajibu maswali aliyoulizwa mkewe, basi ndiye aliyeuvuka, hata akishangiliwa.

Barua yako haisemi mumeo alifanya nini mzee yule alipokukatiza, na hapo ndipo ninapomtazama yeye zaidi kuliko wewe. Keti naye kabla ya mkutano ujao, umwambie kwamba utasimama tena na kuuliza lilelile, na kwamba unachotaka kwake ni jibu ambalo angempa mkazi mwingine yeyote: ufunguo uko kwa nani, na choo kitafunguliwa lini.