Mfadhili wa mtandaoni anataka hesabu, si machozi

Msomaji mmoja wa Kayole, hapa Nairobi, ameniandikia: "Dada, kikundi cha mama yangu kinafuma sweta za shule. Nitawapataje wafadhili mtandaoni?" Ujumbe umenikuta na furaha, maana akina mama wetu wa Mukuru kwa Njenga wamepata tanuri la mikate kwa michango ya watu tusiowajua hata kwa sura.

Kabla ya hapo tuliumizwa. Shirika fulani lilikuja kutuchangishia, likataka picha za watoto pekupeku kando ya mtaro. Mama mmoja akakataa: "Mimi ni mwokaji. Nipige picha nikikanda unga." Wakaondoka wakisema hatuna hadithi ya kuuza. Neno hilo bado linanichoma.

Tukaandika ombi letu la mtandaoni wenyewe. Picha ya kwanza ilikuwa kaunta buku la mweka hazina, ukurasa wa michango ya Ijumaa, majina yamefunikwa kwa karatasi. Ya pili, makadirio ya gharama ya tanuri kutoka kwa fundi wa jua kali wa Kariobangi: mabati, kuchomelea, mkokoteni wa kulileta. Tanuri lilipofika, risiti ilitumwa usiku uleule, pamoja na maelezo ya chenji iliyobaki. Waliochanga wakawaleta rafiki zao.

Majukwaa ya kuchangisha mtandaoni yapo. M-Changa hupokea M-Pesa na kadi, kwa hiyo jirani na mtu wa ng'ambo wanachangia mfuko mmoja. Kiva, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005, ni mkopo: mtu hukopesha kuanzia dola 25 bila kupata riba, lakini taasisi inayowapa akina mama pesa hizo huku kwetu mara nyingi huwatoza riba. Usiwaambie ni msaada. Ulizeni riba ni ngapi, na mmoja akikwama nani atamlipia.

Jamani, tusiuze aibu ya wazazi wetu! Sajilini kikundi chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, pesa ziingie kwenye akaunti ya kikundi, si simu ya mwenyekiti. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Hesabu, hesabu, hesabu.

Nawe wa Kayole, muulize mama leo: kilo ya uzi ni bei gani, inatoa sweta ngapi, na ni shule zipi zinazonunua? Andika majibu yake jinsi anavyoyatamka, kisha unitumie.